Watatu Waliouzwa na Mmoja wa Kurudi

Sogeeni karibu, aliye mbali asije akasema hakusikia. Hadithi hii haichagui mtoto wala mkubwa. Mwishoni itawadai jibu, kwa hiyo msisinzie.

Pale Igembya, milimani kwenye ukungu na migomba, walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipawa alichojaliwa na Mungu.

Wa kwanza ni Mama Ambokile, mfuaji wa jezi za timu yetu, Migomba FC. Mama huyu alimjua mtu kwa jasho lake. Ungemletea jezi kumi na moja zimechanganyika kwenye beseni, angezitoa moja moja akiwataja wenyewe, na juu ya hayo angekwambia nani amelala na homa na nani alipitia kilabuni kabla ya mazoezi.

Wa pili ni Mzee Lutengano, mchora mistari ya uwanja. Yeye aliujua ukungu. Akitazama namna moshi wa majiko unavyolala juu ya mapaa, alikwambia ukungu utashuka siku gani na saa ngapi. Na uwanja wenyewe aliujua kwa nyayo. Alikuwa anafumba macho, anatembea kutoka kona, anasimama juu ya nukta ya penalti kama amewekewa alama.

Wa tatu ni Gwakisa, golikipa. Wengine huutazama mpira. Gwakisa aliangalia bega la mpigaji, akajua utakwenda wapi kabla mpigaji mwenyewe hajaamua.

Mimi nilikuwa katibu wa timu. Elimu yangu ni darasa la saba, ila nilikuwa na mwandiko mzuri, na huo mwandiko ndio uliotuletea balaa. Nasema mapema nisije nikajificha.

Timu maskini, ndugu zangu, hucheza mechi mbili. Moja uwanjani, nyingine mfukoni, na hiyo ya mfukoni ndiyo huanza kwanza. Mwaka wa kwanza tulikosa ada ya kushiriki ligi. Ikaja Kito FC, timu ya bosi mmoja tajiri wa bondeni, ikamnunua beki wetu Ambokile, mtoto wa yule mama. Ada tukalipa. Mwaka wa pili tukakosa nauli za mechi za ugenini, tukamuuza Asajile, mjukuu wa Mzee Lutengano. Mwaka wa tatu tukakosa viatu na posho za waamuzi, tukamuuza Lusajo, mdogo wake Gwakisa. Kila tulipouza tulicheza vibaya zaidi. Tulipocheza vibaya watu hawakuja kutazama. Wasipokuja, viingilio hakuna, basi tunauza tena. Barua zote tatu za mauzo niliandika mimi. Ile ya tatu niliandika kwamba kamati imekaa na kukubali, na kamati haikukaa. Nilitubu kanisani, lakini nilitubu kwa sauti ndogo.

Sasa sikilizeni lililofuata. Waliouzwa Kito hawakurudi. Si kwamba walifungwa, hapana. Mama Ambokile alipanda gari hadi bondeni kumwona mwanawe. Akamkuta getini, amenenepa, amependeza. Kijana akainamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Shikamoo mama. Unamtafuta nani?"

Mama akarudi siku ile ile. Watu waliendelea kumwita Mama Ambokile, na kila walipomwita niliona kama walikuwa wanampiga.

Ikafika mechi ya mwisho ya ligi, Migomba na Kito, nyumbani kwetu. Kito walikwisha kuwa mabingwa. Sisi tusiposhinda tunashuka daraja, na kwa hali yetu kushuka ni kufa. Jumatatu ya wiki ile bosi akaja na gari lake kumnunua Gwakisa. Alikuwa mpole, hakuwahi kupandisha sauti. Alimwamkia Mzee Lutengano vizuri kabisa, akanipa mkono, na mkono wake ulikuwa mkavu kama karatasi.

Gwakisa akamwambia, "Mimi siuzwi, bosi. Mrudishe mdogo wangu kwanza."

Bosi akatabasamu. "Mkishinda Jumamosi nitamrudisha mmoja. Mmoja tu. Jina mtaniandikia ninyi wenyewe."

Alipoondoka watu walicheka kwa uchungu. Tutashinda na nini? Hata chokaa ya mistari hatukuwa nayo, Mzee alichora kwa majivu ya jikoni. Fundi baiskeli mmoja mwenye utani akasema tukifungwa tutasingizia tumeungua.

Mzee Lutengano hakucheka. Alitazama moshi, akasema Jumamosi kipindi cha pili ukungu utashuka wa kutoona mkono wako. Basi kuanzia Jumanne hadi Ijumaa aliwafunga vijana wetu vitambaa vya macho, akawatembeza uwanjani kwa nyayo. Hapa panainama, hapa pana kichuguu, ukihesabu hatua kumi na nane toka hapa unapiga kushoto. Waligongana, walitoka damu puani. Baadhi ya wazazi walikuja kulalamika kwangu kuwa mzee amerukwa na akili. Nami niliwaitikia, badala ya kumtetea.

Mama Ambokile naye kazi yake ilikuja Ijumaa. Kito walifika mapema, wakanyeshewa mazoezini wakiwa na jezi za mechi, na kwa kuwa mfuaji ni yeye tu, jezi wakampelekea. Jioni akaniita uani kwake. Uso ulikuwa umempauka. Aliniambia zile jezi hazina jasho. Matope yapo, majani yapo, harufu ya mtu hamna. Na kwenye mapindo ya jezi tatu, za watoto wetu, vidole vyake viligusa kitu. Akafumua mbele yangu. Kila pindo lilikuwa na karatasi iliyokunjwa ikawa ndogo, na kila karatasi ilikuwa kipande cha barua ya mauzo. Jina la kijana, na chini yake mwandiko wangu.

Nisikieni nilichosema, maana sitaki kudanganya. Nilimwambia azirudishe na kushona kama zilivyokuwa, Kito wasije wakatushtaki ligi tukakatwa pointi.

Akanitazama, akasema, "Katibu, wewe andika. Mimi nafua."

Akaziweka zote tatu kwenye jiko la mkaa. Angeweza kuchoma ya mwanawe tu, akachoma zote. Ziliungua taratibu mno kwa karatasi ndogo kiasi kile.

Jumamosi Kito waliingia uwanjani kinyumenyume, mmoja nyuma ya mwingine, kama kamati zao za ufundi, yaani waganga, zilivyowaagiza. Hilo tumelizoea, timu nyingi hufanya. Tusilolizoea ni hili. Milimani kwetu kukiwa na baridi mtu akipumua hutoa mvuke mdomoni. Vijana wetu walikuwa wanafuka kama vyungu. Wa Kito walikimbia nusu saa nzima na midomoni mwao hamkutoka kitu. Hawakuitana, hawakuombana mpira. Ulisikia mpira tu, na majani.

Watatu peke yao walikuwa tofauti. Ambokile alianza kufuka mvuke, kisha Asajile, kisha Lusajo. Wakatoka jasho. Wakachoka, wakaanza kukosea pasi, wakawa wanageuza vichwa kutazama nyumba za Igembya kama mtu anayetafuta mlango gizani. Ukuta wa Kito ukapata matundu matatu. Bila hivyo tungekuwa tumefungwa sita kabla ya mapumziko. Tulikwenda mapumziko bila bao.

Kipindi cha pili ukungu ukaja, saa ile ile aliyoitaja Mzee. Ulimeza goli la kaskazini, ukameza watazamaji. Kito wakasimama, maana macho yao ndiyo waliyoyategemea. Wa kwetu wakaendelea kama wamefungwa vitambaa. Nilisikia nyayo, mtu akihesabu chini kwa chini, kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane, kisha wavu. Mwamuzi alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, akaliona, akalikubali. Bila mafunzo ya Mzee bao lile lisingekuwepo.

Zikiwa zimebaki dakika tano ukungu ukainuka kidogo, na Kito wakapata penalti, halali kabisa. Mpigaji akaja Lusajo. Akauweka mpira, akanyanyua uso, na kwa mara ya kwanza ndani ya mwaka mzima alimtambua kaka yake. Gwakisa alitueleza baadaye maneno aliyoambiwa.

"Kaka, niachie. Nikikosa, sijui watanifanya nini."

Gwakisa aliangalia bega. Akaruka kulia, akaudaka. Alibaki chini amelikumbatia lile gozi, hakutaka kuinuka. Bila mikono yake tungetoka sare, na sare ilikuwa kifo.

Filimbi ikalia, tumeshinda moja bila. Hatukushangilia sana. Bosi alikuwa tayari kasimama kwenye mlango wa basi, basi lenye mapazia, injini inanguruma, na vijana watatu wamepangwa nyuma yake, ndani. Nikamwambia kwamba barua zimeungua. Alinijibu kwa upole, "Zile zilikuwa vipande, Katibu. Nakala ninazo. Mwandiko wako nimeutunza vizuri."

Akanipa kalamu na karatasi. Jina moja. Nisipoandika kabla mlango haujafungwa, wote watatu wanaondoka.

Mama Ambokile akasema wake ndiye wa kwanza kuuzwa, miaka mitatu. Kila mwaka unafuta kitu, na mwaka mwingine hautaacha kitu cha kurudisha. Na asingefumua yale mapindo, leo tungekuwa tunalia matanga ya timu.

Mzee Lutengano alivua kofia. Alisema Asajile aliacha mke mjamzito, sasa kuna mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayemwita yeye, babu mkuu wake, "baba". Yeye ni mzee, mtoto yule atabaki na nani? Na bao ni bao, alisema, mechi haishindwi bila bao.

Gwakisa ndiye aliyeongea kidogo kuliko wote. Alisema wale wawili wanarudi bondeni kama walivyokuja, lakini Lusajo anarudi na penalti aliyokosa. "Amekosa kwa sababu yangu, Katibu. Aliniomba."

Mzee wa kanisa akashauri tupige kura ya vijiti. Niliona hiyo ni kumtupia Mungu mzigo nilioufunga mwenyewe. Wengine walisema arudi yule ambaye timu inamhitaji zaidi msimu ujao, tusije tukauza tena. Hata hilo, naungama, nilianza kulipigia hesabu, beki au winga, huku mama wa watu amesimama mbele yangu.

Mlango wa basi ukaanza kujifunga, taratibu. Watatu wananitazama kutoka ndani, watatu wananitazama kutoka nje, na kila mmoja wa nje ametoa sehemu sawa.

Sasa kalamu nawapa ninyi mliosikia yote tangu mwanzo. Je, wewe ungeandika jina la nani, na wale wawili wengine ungewaambia nini watu wao?