Kikao cha Harusi ya Namkunda

Huko Usangi kulikuwa na mama mmoja, Nakiete, ambaye kila Krismasi ilimwachia mifupa na kila Januari ikamkuta hana hela ya sare za shule. Mlaji mkuu alikuwa shemeji yake Elisante, tajiri wa malori mjini, aliyekuja na familia nzima, mikono mitupu. Mume wa Nakiete hakuthubutu kumkatalia kaka yake.

Mwaka ule Elisante akapiga simu mapema. "Shemeji, tunakuja watu kumi na wanne. Mbuzi mmoja hatatosha."

"Karibuni sana," alisema Nakiete. "Tena siku hiyohiyo tutakaa kikao cha harusi ya Namkunda wetu."

Elisante akauliza, "Namkunda anaolewa?"

"Mtoto wa kike ni wa kuolewa, shemeji. Na mwenyekiti awe nani kama si baba yake mkubwa? Wewe ndiye utakayefungua mchango. Wengine watatazama umetoa ngapi."

Mkesha wa Krismasi Elisante akapiga tena, anakohoa. Gari limekufa gia, mkewe ana mafua, na malori yote yako safarini.

"Pole sana, shemeji. Basi tutumie tu ahadi yako."

Mtandao ukakatika papo hapo.

Nakiete akachinja jogoo, wakala, wakashiba. Krismasi zilizopita Elisante alinawishwa mikono na Namkunda, asiinue macho kutoka kwenye sinia la nyama. Januari bibi harusi akaanza darasa la kwanza, na viatu vipya.