Mkutano wa Kufukuza Wageni

Mwaka ule bei ya pamba ilipoanguka, wanakijiji walitafuta wa kumlaumu. Mgombea Lubango akawapa.

"Wageni ndio waliowaponza! Waondoke!"

Makofi yakalipuka. Nyamizi, mmoja wa hao wageni, akapiga goti kwa adabu.

"Mheshimiwa, tuondoke na vitu vyetu?"

"Vyote! Msiache hata sindano!"

"Hata leo?"

"Sasa hivi!"

Umati ukashangilia mpaka sauti zikakauka.

"Jamani, mmemsikia," Nyamizi akawaambia wenzake.

Wageni wakateremsha turubai lao la kukodisha lililofunika mkutano, wakakusanya viti vyao, wakazima na kubeba spika zao. Lubango akabaki juani, akifoka bila kusikika.

"Shangazi, tuachie kivuli tu!" mkulima mmoja akalia.

Nyamizi akageuka. "Kivuli cha mgeni, baba?"