Ndege Iliyoota Magurudumu

Dada mmoja, fundi saa, alitumia miezi saba kuunda ndege ndogo ya mfano, aina ya jeti. Vipande vilitoka kwenye boksi, lakini akili na subira vilikuwa vyake. Alitaka ionekane inaruka. Alimkalisha rubani wa plastiki kitini, akaiziba milango ya magurudumu kwa gundi, akaipiga msasa hadi ukucha usihisi ufa. Kisha akaisimika juu ya kijiti chembamba cha plastiki, imelala ubavu kama inayokata kona angani. Mshindi wa maonyesho ya ndege za mfano angeajiriwa katika karakana ya chuo cha urubani, na yeye alikuwa amechoka kuinamia saa za watu.

Siku ya kuandikisha hakupata ruhusa kazini. Kaka yake mkubwa, mtu wa maneno mengi na vitendo haba, akajitolea kuipeleka ndege na kumwandikisha.

"Niachie mimi, mdogo wangu. Damu nzito kuliko maji."

Kesho yake dada aliingia ukumbini akakuta kadi mbele ya ndege yake. Jina lililoandikwa lilikuwa la kaka! Damu ilimchemka. Miezi saba ya kuvuta harufu ya rangi, halafu mtu aliyekuwa akikoroma kwenye kochi ndiye anayepewa hongera? Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

"Kaka, nini hiki?"

"Usinitie aibu mbele za watu," alinong'ona, kisha akawageukia waamuzi akichekacheka. "Huyu mdogo wangu alinisaidia kupiga msasa."

Mwamuzi mkuu, mama mstaafu aliyewahi kuwa fundi wa ndege, alichungulia chini ya mabawa. Dada naye akachungulia, nusura apige ukelele. Magurudumu matatu yalining'inia pale, gundi imetapakaa juu ya rangi yake! Kaka aliyakuta kwenye boksi akadhani yamesahauliwa.

"Umeyabandika wewe?" mama aliuliza.

"Naam, mama. Fundi wa kweli hatupi kitu."

"Ndege iko angani, imelala ubavu, magurudumu ya nini? Tena milango yake imefungwa. Yametokea wapi, mwanangu? Yameota?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko.

"Na wewe wa msasa, unasemaje?"

"Ndege ikishapaa huyakunja, mama. Ndiyo maana niliyaacha kwenye boksi. Milango niliiziba mimi, kwa mikono hii, na huyu hakugusa hata brashi!" Hasira yake hakuificha.

Mama aliichana ile kadi, akamkabidhi nyingine tupu pamoja na kalamu. "Andika jina lako. Jumatatu njoo karakanani."

Kaka alikuwa keshaanza kunyatia mlango, kichwa chini, watu wakimpisha huku wakicheka. Uongo wake haukutimiza hata siku mbili. Wahenga hawakukosea: njia ya mwongo ni fupi.