Nguzo Iliyomficha Liwali

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia katika imani, nao hawakuwa watu wa kutia chumvi kama mimi, kwamba zama za wafalme wa kale, katika nyanda za juu za Uhabeshi, palikuwa na bonde lililoitwa Debre Amha, na waumini wa bonde hilo walikuwa na namna yao ya kujenga kanisa. Sisi wengine tukijenga tunaongeza. Tunaweka tofali juu ya tofali, na fundi akikosea tunapiga lipu, tunapaka chokaa, tunamshukuru Mungu. Wao walijenga kwa kupunguza. Walichagua mwamba mzima, wakaanzia juu kwenye paa, wakashuka wakichonga kuta, kisha madirisha, kisha mlango, na mwisho kabisa wakaingia ndani na kuutoa moyo wa mwamba kwa patasi, kidogo kidogo, mpaka ikapatikana nafasi ya watu kusimama na kumsifu Mola wao. Kanisa zima lilikuwa jiwe moja. Na jiwe likishatoka halirudi. Kosa la fundi wa Debre Amha halikuwa na lipu.

Kwa sababu hiyo walijiwekea ada. Kila asubuhi, kabla patasi haijagusa mwamba, mafundi walitandika ngozi ya ng'ombe ukingoni mwa shimo, wakalaza juu yake nyundo na patasi zao zote, wakarudi nyuma kidogo, wakamwomba Mwenyezi Mungu hekima ya siku ile huku viganja vyao viko wazi na vitupu. Walisema kwamba mtu aliyeshika chuma ameshaamua. Wakisha kuitikia amina ndipo waliinama, kila mmoja akachukua kilicho chake.

Mkuu wa mafundi hao alikuwa Zerabruki, Mungu amrehemu. Alikuwa mcha Mungu, mfungaji wa saumu, mwenye mkono ambao haukuwahi kupiga pigo la bure. Mimi ambaye msumari wa kutundikia picha huniishia kidoleni, namstahi mtu huyo hata kabla kisa hakijakolea. Watu wa bonde walimjivunia waziwazi; mabonde mengine yalikuwa na asali na farasi, wao walikuwa na Zerabruki. Naye, kwa kuwa ni binadamu, alizoea kuwa mtu wa kujivuniwa. Kadiri miaka ilivyokwenda akaona kwamba kulaza nyundo na kuiinua tena ni kuichelewesha kazi ya Bwana, akawa anaomba akiwa ameiegemeza begani. Hakuna aliyemwambia neno. Nani amwambie?

Basi kazi ya ndani ilipokaribia kwisha, wakati wa Kwaresima, alifika Woseni, liwali wa mfalme, kulikagua kanisa. Alikuwa mtu wa adabu na sauti ya chini, na watu wa namna hiyo ni wagumu kukataliwa. Alisimama mlangoni akatazama mbele, mahali ambapo kiti chake kingewekwa wakati wa ibada, akaona nguzo. Akasogea kushoto, akaona nguzo. Akamweleza Zerabruki kwa upole kwamba nguzo ile moja, nene na isiyo na pambo, inasimama kati ya waumini na yeye aliyewekwa juu yao na mfalme. Angependa iondolewe kabla ya Pasaka. Na kama shukrani, jina la Zerabruki litachongwa juu ya mlango, walisome wajukuu wa wajukuu wake.

Tuseme kweli, jina lile lilimwingia. Katika makanisa yote ya mwamba hakuna fundi aliyekuwa amewahi kuachiwa hata herufi moja. Zerabruki aliipapasa nguzo, akaigonga kwa kitako cha nyundo, akasikiliza, kisha akatamka mbele ya wote kwamba anaujua mwamba huu, na paa litasimama bila nguzo hiyo. Akaahidi kuanza Jumatatu.

Jumatatu ilipofika aliomba kama alivyozoea, nyundo begani. Ikawa Mama Arsema, mkuu wa watawa wa bonde lile, anapita na kapu la mikate ya meza ya Bwana. Alikuwa mama mzee aliyeogopwa kwa sababu maneno yake makali yote aliyasema akitabasamu. Akangoja amina iitikiwe.

"Zerabruki mwanangu," akasema, "leo umeomba nini?"

"Hekima, Mama. Juu ya ile nguzo."

"Na Mungu akikuambia usiikate?"

Zerabruki akacheka kidogo. Akamweleza kwamba ameshamwahidi liwali, kwamba mwamba huu anaujua kuliko anavyoijua sura ya mkewe, na kwamba watu wanangoja kazi ianze.

"Basi hukuomba hekima, baba. Umeomba ruhusa," akasema Mama Arsema. "Na hata hiyo ruhusa hukuingojea, maana naona nyundo imetangulia kupanda begani."

Kisha akaenda zake na mikate yake. Mafundi wote wakaikazia macho ile ngozi ya ng'ombe kana kwamba hawajawahi kuiona.

Wasimulizi hawafichi kwamba Zerabruki alighadhibika. Waja wema nao walighadhibika. Tofauti yao na sisi ni walichofanya baada ya hapo. Khofu ya Mungu ilimshika kabla hajafungua kinywa. Akailaza nyundo juu ya ngozi, akawapeleka mafundi kwenye kazi nyingine, akaingia kanisani peke yake na kuketi mbele ya ile nguzo, mikono yake mitupu, asijue aiweke wapi.

Alitazamia sauti, na sauti haikuja. Malaika naye hakutokea. Alichokisikia, kwa kuwa siku hiyo hakuwa akigonga kitu, ni neno lake mwenyewe alilolisema mbele ya liwali: najua. Akajiuliza, kwa unyofu ambao hakuwa ameutumia kwa muda mrefu, anajua nini hasa. Kuta alizijua. Paa alilijua, maana mvua zilikuwa zimelipiga miaka mingi. Lakini miaka yote hiyo chini ya paa palikuwa mwamba mtupu. Ukumbi huu wa ndani ulikuwa umechimbwa baada ya mvua za mwisho. Hapakuwa na mtu aliyewahi kuona jiwe hili litafanya nini likiwa na maji juu na uwazi chini. Aliposema anajua hakuwa amesema uongo. Alikuwa ameamini, na hilo lilimtisha zaidi. Jioni alitoka na neno moja tu, tena silo alilolitarajia: sijui.

Liwali aliporudi siku ya Pasaka aliikuta nguzo mahali pake. Makasisi walikuwa wamevaa, watu wamejaa hadi nje. Zerabruki akasogea mbele, akainama kwa taadhima.

"Bwana wangu, nilikuambia najua. Sijui. Naomba mvua kubwa ipite kwanza juu ya paa hili, ndipo tuseme."

Liwali hakupandisha sauti. "Mfalme atafurahi kusikia," akasema, "kwamba mkuu wa mafundi wake hayajui mawe."

Wengine walicheka, na baadhi yao walicheka kwa woga tu. Papo hapo Zerabruki akavuliwa ukuu, akaamriwa kubeba vifusi, na kazi akakabidhiwa Tekeste, fundi hodari aliyekuwa wa pili kwa miaka mingi na ambaye hakuwahi kuificha chuki yake ya kuwa wa pili. Liwali akamwagiza aikate nguzo juma lile lile. Tekeste akaingia, akaigusa nguzo, akainua macho darini, akakaa humo kitambo. Akatoka.

"Bwana liwali," akasema, "huyu Zerabruki namfahamu. Huyu anaamini kwamba Mungu alipokuwa anauumba mlima huu alimwita yeye amshikie kamba ya kupimia. Leo anasema hajui. Sasa mimi nitajulia wapi?"

Liwali akawatazama mafundi wengine mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa alikuta kitu cha kuangalia miguuni pake. Makasisi wakaanza zaburi. Woseni akaisali Pasaka yake akiwa nyuma ya nguzo, na kesho yake akaondoka, akisema kwamba mvua zikiisha atarudi na mafundi wa ikulu, watu wasioogopa jiwe.

Hivyo Zerabruki akabaki akiingojea mvua. Isipoonyesha kitu, nguzo itakatwa na wageni, na yeye atakufa akijulikana kama fundi aliyeogopa mwamba wake mwenyewe. Alibeba vifusi pamoja na wachukuzi aliokuwa akiwafokea kwa uzembe. Mmoja wao alimsogezea kapu akamwambia, "Karibu, mkuu. Huku kwetu hakuna cha kuweka begani, ni kichwani tu." Akacheka nao. Kila asubuhi aliomba hekima, na inasemekana aliiomba kama mtu asiye na jibu mfukoni. Mkewe alisimulia kwamba hata nyumbani alianza kumuuliza maoni yake, jambo lililompa wasiwasi kwamba pengine mumewe anaumwa.

Mvua zikaja, na mwanzoni hapakuwa na lolote. Dari lilibaki kavu, na watu wakaanza kumwonea Zerabruki huruma, ambayo kwa mtu kama yeye ni nzito kuliko vifusi. Hata mwamba ulipokwisha kunywa vya kutosha, asubuhi moja wakaona uzi wa unyevu darini, mweusi, mwembamba, umetokea kwenye ukuta wa kaskazini. Siku zilizofuata ukatambaa. Ukaupita upana wote wa kanisa mpaka ukuta wa kusini, na ulipofika katikati ulipita sawasawa juu ya kichwa cha ile nguzo. Jiwe waliloliita moja lilikuwa na ufa tangu kuumbwa kwake, na nguzo iliyomficha liwali ndiyo iliyobeba pande zote mbili za paa. Tekeste akapanda, akauwekea ufa kiganja, akakishusha kikiwa kimelowa. Waliokuwa wamesimama chini wakasogea bila kuambiwa.

Mvua zilipokwisha, wakati wa Sikukuu ya Msalaba, liwali alirudi akiwa na mafundi wake wa ikulu. Mafundi hao waliingia, wakatazama juu, wakatoka. Hawakushusha hata patasi kutoka kwenye nyumbu. Woseni alikaa ndani muda mrefu zaidi. Kisha akaagiza Zerabruki aitwe, naye akaja na vumbi lake na kapu lake.

"Ulijua?" liwali akamuuliza.

"La, bwana wangu. Ningedhani najua, ningeikata."

Inasimuliwa kwamba Woseni alisema kiti chake kisiondolewe pale kilipo, nyuma ya nguzo. Tangu siku hiyo alisali humo bila kuonekana na mtu, na waliomfahamu wanasema sala zake zilirefuka. Zerabruki akarudishiwa ukuu wake, na Tekeste akarudi kuwa wa pili, safari hii bila kinyongo kikubwa. Nasema kikubwa kwa sababu nataka kuaminiwa.

Na watu wa Debre Amha waliendelea kujivuna, mimi nikiwa wa kwanza kuwaunga mkono. Nimezunguka kwingi, nimeonyeshwa makanisa yenye dhahabu na minara, na kote nimeambiwa majina ya wakuu waliojua. Wao humpeleka mgeni mbele ya nguzo nene isiyo na pambo, inayowalazimu kupinda shingo ili wamwone kasisi, wakamwambia kwa vifua vilivyojaa: hapa ndipo mkuu wetu aliposema hajui, na ndiyo maana tuko hai.

Wapendwa, tunaiomba hekima mara nyingi, na Mungu wetu si mchoyo wala hamsimangi mwombaji. Ila hekima huja kwanza kama mikono mitupu, na wengi wetu hatupendi kuonekana hivyo. Atujalie kuiomba kwa kweli. Na akisha kutupa, asituache bila ujasiri wa kuitamka mbele ya liwali.