Kete za Waziri Kiboko

Niseme, nisiseme?
— Sema, tumeshakaa.
Na uongo nitie?
— Tia, ila usitumwagie.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na ofisi, palikuwa na swali lililomshinda kila mmoja. Bao mnalijua: unazoa kete za shimo moja, unazigawa moja moja kwa mashimo yanayofuata. Ya mwisho ikikuta shimo lenye kete, unazoa zote, unaendelea. Ikikuta shimo tupu, umelala. Swali lilikuwa hili: katika bao kubwa la mfalme, je, kila mchezo lazima ulale?

Atakayethibitisha angepewa kiti barazani. Basi uthibitisho ukaja kwa mikoba, ukaja kwa matenga, ukaja kwa punda. Wa kuupima alikuwa mmoja, Bi Nungunungu, mwenye kalamu mgongoni. Akipitisha uongo hata mara moja, kazi hana. Na ndiyo kazi iliyolisha wanawe sita.

Ngiri akaleta kurasa mbili, na barua ya kurasa kumi kuwatukana waliomtangulia. Akaulizwa kete zimetajwa wapi. Hazikutajwa. Akarudishiwa.

Kasuku akaleta kurasa mia nne. Akaulizwa hoja yenyewe iko ukurasa gani. Akasema zote. Akarudishiwa zote.

Wa tatu akaja Waziri Kiboko, mkubwa wa ofisi ile ile ya Bi Nungunungu, na ukurasa mmoja uliokwisha kupigwa muhuri: kete zina idadi, mashimo yana idadi, chenye idadi kina mwisho, basi kila mchezo hulala.

Hapo, wenzangu, mngefanyaje? Kumkataa mkubwa, kazi imekwenda. Kumkubali, na hoja ikawa uongo, imekwenda vile vile.

"Mheshimiwa," akasema Bi Nungunungu, "sioni palipotajwa ukubwa wa bao."

"Wa nini? Hoja yangu inatosha bao lolote."

"Hata la mashimo mawili?"

"Hilo nalimaliza chai haijapoa, mama."

Bi Nungunungu akachimba mashimo mawili. Kete tatu huku, moja kule. "Basi anza na hizo tatu, Mheshimiwa. Zikilala tu, natia saini."

Waziri akazoa tatu, akagawa: kule, huku, kule. Sasa tatu ziko kule, moja huku. Akazoa tatu: huku, kule, huku. Tatu huku, moja kule.

"Zinakaribia," akasema.

Akazoa. Akagawa. Akazoa.

Chai ikapoa. Juma likaisha. Baraza likaulizia, na Bi Nungunungu akajibu kwa maandishi: uthibitisho wa Mheshimiwa haujakataliwa, uko kwenye majaribio. Mafaili yaliyongoja saini ya Waziri yakaanza kupita bila saini, na hakuna aliyeona tofauti.

Nami kete yangu ya mwisho hii hapa, naiweka.
— Imelala?
Yangu imelala. Ya Waziri, nendeni mkamwulize.