Kopo la Maranda

Sogeeni niwape kisa kinachonichukiza mpaka leo.

Katika jimu moja ya uani ya kunyanyua vyuma, huko Muheza, walikuwapo wanawake watatu. Mwanahawa alijaliwa masikio, Chiku alijaliwa mikono, Semeni alijaliwa moyo usioogopa mtu. Vyuma vya dukani hawakuwa navyo. Siku ya mchujo kila mshindani alikuja na nondo yake, yenye kopo la rangi lililojazwa zege kila upande. Asubuhi mwamuzi, Mwalimu Shemdoe, alizipima zote kwenye mizani ya mahindi, zikawa sawa. Mmoja tu angekwenda mashindano ya mkoa mwezi ujao, na jina lilitakiwa jioni ileile.

Watatu hao walinyanyua mara ishirini ishirini, wakabaki hoi. Kidawa, dada yake Semeni, akanyanyua mara arobaini huku anatabasamu. Mwalimu akauinua mkono wa Kidawa juu, akampigia makofi.

"Nondo zetu zikitua, ardhi inatikisika," Mwanahawa akasema. "Yake imetua kama kapu tupu. Mwalimu, hukusikia?"

Kidawa akaikimbilia nondo yake aiondoe, shoga zake wakamsaidia kuvuta. Chiku akaing'ang'ania peke yake. Kifundo cha mkono kikateguka, naye hakuachia.

"Livunjeni kopo!" watu wakasema. Mwalimu akasita, kwa kuwa aliipima nondo mwenyewe. Semeni akaokota nyundo.

"Ukivunja, nyumbani kwangu usirudi," Kidawa akamwambia.

Semeni akapiga. Maranda yakamwagika, zege lilikuwa juu tu, unene wa kidole. Nondo yake ya kweli, ile iliyopimwa asubuhi, ilikutwa nyuma ya choo.

Mwalimu akatema mate. Kidawa alimtia kinyaa, lakini alijichukia zaidi mwenyewe kwa makofi aliyompigia.

"Warudie!" watu wakapiga kelele. Warudie vipi, na mkono wa Chiku umevimba? Ungepona kabla ya mashindano, lakini si jioni hiyo.

"Nisingesema, mngekuwa mnamchezea ngoma mwizi," Mwanahawa akasema.

"Nisingeshika, ungebaki na maneno yako matupu," Chiku akajibu.

"Mimi leo sina kwetu," Semeni akasema.

Mwalimu akashika kalamu, na fomu ina mstari mmoja tu. Haya, ninyi mlionisikiliza, mwelekezeni mkono: aandike jina la nani?