Jiwe la Matopeni

Paukwa. Semeni pakawa, na msiseme kama watu wenye njaa, wali mmekula. Pakawa. Pakawa mto, mto ukawa na mji, mji ukawa na watu wa juu na watu wa chini, na mto haukujua nani ni nani.

Mji wenyewe ndio huu tunaoishi, wajukuu zangu, huu huu wa Marekani tulioletwa na ndege tukiwa na mifuko yetu ya nailoni. Msidhani ulianza siku tuliposhuka sisi. Jana Mapendo aliliona lile jiwe pale mtoni, limezama matopeni, limejaa mavi ya bata, akaniuliza, “Bibi, mji tajiri hivi hauna hata mtu wa kuliosha jiwe?” Nikamwambia angoje, maana swali la namna hiyo halijibiwi kwa kusimama. Leo nimeketi. Kisa hiki nilipewa na bibi kizee mzaliwa wa hapa, tulipokuwa tukikunja mashuka pamoja hotelini, naye alipewa na bibi yake.

Hapo kale, meli za moshi zilipokuwa zikipanda na kushuka mto huu na shehena za tumbaku, kulikuwa na mtaa ukiitwa Bondeni. Waliokaa huko walikuwa watu weusi kama sisi, wametoka utumwani, wakaachiwa ardhi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Mbele yao mto. Nyuma yao kijito. Ng'ambo ya kijito kilima, na juu ya kilima maghala na nyumba za wenye nazo. Kutoka Bondeni kwenda kilimani palikuwa na njia moja tu, daraja la mbao. Lishikeni hilo daraja, msiliachie.

Na ukingoni mwa mto palikuwa na jiwe, na kwenye jiwe mstari uliochongwa kwa patasi. Mtoto wa Bondeni aliujua wimbo wake kabla hajajua kufunga kamba za viatu:

Mto ukigusa mstari, kengele ilie.
Kengele ikilia, daraja tulivuke.

Imbeni na nyinyi. Basi, inatosha, majirani wa zamu ya mchana wamelala.

Mstari huo aliuchonga fundi Hezekia, baada ya gharika iliyomzolea watoto wake wa kwanza. Kengele ilikuwa ya kanisa, na wa kuipiga kwa ajili ya mto alikuwa mmoja tu, mlinzi wa jiwe. Hezekia alipokufa, kazi hiyo ikamwangukia binti aliyezaliwa baadaye, Lavinia. Mama yake Lavinia, Bi Ketura, alikuwa hai bado, ila macho yalikwisha na miguu ilikwisha, akawa mtu wa kitandani. Lavinia alikuwa akimlisha, akimwosha, akimsukia nywele zake chache. Hakuwa na mtu mwingine duniani.

Sasa sikilizeni jinsi balaa linavyoingia ndani ya nyumba, huingia kwa miguu ya kawaida tu. Masika moja mto ulivimba, na Lavinia akaogopa. Jiwe lilikuwa bado kavu, lakini akapiga kengele. Watu wakaacha kazi kwenye maghala, wakakimbilia nyumbani kubeba watoto na magodoro, wakavuka daraja. Mto ukafika chini kidogo ya mstari, ukageuka, ukarudi zake. Wenye maghala wakawafukuza kazi walioondoka. Baridi ile watu walilala njaa, na kila Lavinia alipopita kisimani mazungumzo yalikatika. Aibu ilimtafuna. Akaapa mbele ya kaburi la baba yake, “Sitapiga tena jiwe likiwa kavu. Hata dunia ipinduke.”

Akatafuta jinsi ya kujipatanisha na watu. Akatazama jiwe. Lilikuwa katika hali mbaya, limezama nusu kwenye tope, ng'ombe wanajikunia, walevi wanalikojolea. Ikakaribia sikukuu ya kukumbuka siku waliyotangaziwa uhuru. Lavinia akasimama kanisani akasema, “Ndugu zangu, hili ndilo jiwe la wazee wetu. Mbona tunaliacha linadharauliwa?” Watu wakasema, kweli. Watu wakasema, amenena. Wakachangishana nguvu, wakaling'oa, wakalisugua kwa mchanga likang'aa, wakalijengea kitako cha matofali palepale, kimo cha kiuno cha mtu mzima, wakalipandisha juu yake. Mchungaji akaomba. Wanawake wakaimba wimbo wa mstari, na wengine walilia kwa furaha. Lavinia akasalimiwa tena kisimani.

Alipofika nyumbani alimwambia mama yake, “Tumelipatia jiwe la baba heshima yake.”

“Mmefanya vema, mwanangu,” akasema Bi Ketura, akalala.

Mwaka wa pili yake mvua ikanyesha kule juu mto unakotoka, ikanyesha tena juu ya theluji iliyokuwa haijayeyuka. Jumamosi asubuhi mto ukaanza kupanda. Lavinia akasimama kando ya jiwe, shali kichwani, macho kwenye mstari. Maji yakaja yakalamba kitako. Jiwe kavu. Maji yakapanda tofali juu ya tofali. Jiwe kavu.

Msicheke. Najua mmeshaona. Nyinyi mmekaa kwenye kochi, miguu mikavu. Anayetazama mstari hatazami kitako.

Akaja Amosi, fundi viatu, mkewe amejifungua juzi tu. “Dada Lavinia,” akasema, “nimetoka darajani. Kijito kimejaa. Maji yanagusa mbao.”

“Mbao zinalowa kila masika, kaka Amosi.”

“Mke wangu hawezi kutembea upesi. Kama tunaondoka, nianze sasa.”

Lavinia akaukumbuka ule ukimya wa kisimani. Akaikumbuka njaa aliyowaletea watoto wa watu. Akamwonyesha jiwe kwa kidole. “Tazama mwenyewe. Jiwe kavu.”

Amosi akatazama. Jiwe lilikuwa kavu kweli. Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akasema, “Ahsante, dada. Mungu akubariki,” akarudi kwake akachochea moto ili mkewe apate joto.

Wakaja wengine. Jiwe kavu. Wakarudi. Akaja shemasi. Jiwe kavu, akarudi. Walimwamini, wajukuu zangu, hilo ndilo linaloniuma mimi. Laiti wangemtukana wakaondoka.

Adhuhuri Lavinia alikimbia nyumbani mara moja kumpa mama yake uji. Akamkuta Bi Ketura amejiinua kwa kiwiko, sikio limeelekezwa nyuma ya nyumba, upande wa kijito.

“Kengele imelia nikiwa nimelala?” akauliza.

“Bado, mama. Jiwe kavu.”

“Haiwezekani. Kijito kinanguruma. Huo ni mngurumo wa maji yanayopita juu ya mbao, nilishausikia siku niliyopoteza wanangu. Baba yako hakuchonga mstari kwa ajili ya mto, Lavinia. Alichonga kwa ajili ya daraja. Alisimama darajani, mimi nikasimama penye jiwe, na maji yalipobakiza shubiri kugusa mbao akanipungia shati, nikaweka alama mahali mto ulipofika. Mstari ukilowa, daraja bado linavukika. Maji yakipita juu ya mbao, mstari umeshazama zamani.” Akampapasa bintiye mkono. “Jiwe liko palepale?”

“Liko palepale, mama. Hatukulisogeza hata hatua. Tuliliinua tu.”

“Mliliinua.”

“Tulilijengea kitako. Kwa heshima.”

“Kiasi gani?”

Lavinia akaweka mkono kiunoni mwake kumwonyesha, akasahau kwamba mama haoni. Halafu akaelewa. Bakuli la uji likamponyoka.

Akamwinamia mama yake ambebe mgongoni, na Bi Ketura akamsukuma kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua bado anazo. “Usinibebe. Nenda kapige.”

“Mama, siwezi kukuacha.”

“Ukinibeba utafika darajani na mtu mmoja. Kapige kengele. Ondoka mbele yangu.”

Lavinia akaenda. Alikwenda huku analia kwa sauti, njia nzima, maji tayari yako vifundoni. Akapanda mnara wa kanisa, akashika kamba, akapiga. Na watu wa Bondeni walikuwa watu wenye adabu ya mto, waliacha vyungu motoni wakakimbia kama walivyofundishwa. Walikimbilia daraja. Amosi alikuwa mbele, mkewe mgongoni, kichanga kifuani. Wakafika. Palibaki nguzo mbili za daraja na maji ya rangi ya chai. Walio nyuma hawakujua, wakawa wanasukuma, na wa mbele wakaingia. Juu mnarani Lavinia aliona yote, na kamba hakuiachia, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Waliopanda paa la kanisa walipona. Wengine, mto uliwarudisha kidogo kidogo, huko chini ya mji, kwa majuma. Bi Ketura alikutwa ndani ya nyumba yake, chini ya kitanda kilichopinduka. Lavinia alimwosha mwenyewe, akamsukia nywele.

Hakuna aliyemlaumu kwa maneno. Hakuna aliyemsalimia pia. Waliobaki walipotaka kuchonga majina ya wafu kwenye jiwe na kulizungushia maua, Lavinia alikuja na nyundo. Alivunja kitako chote mbele yao, tofali kwa tofali, na hakuna aliyemzuia. Akalivingirisha jiwe hadi kwenye shimo lake la zamani, likazama matopeni nusu yake, kama alivyoliacha baba yake. Na tangu siku hiyo, kila masika, aliwachukua watoto wa Bondeni, hakuwaimbisha. Aliwapeleka kwanza kwenye daraja jipya wakashika mbao kwa mikono yao, ndipo akawaleta kwenye jiwe. “Hili ni la kule,” akawaambia. Aliishi hadi uzee, na alikuwa akisema hivyo tu: hili ni la kule.

Basi shikeni hili. Wazee huacha wimbo na huacha sababu, na wimbo ni mtamu, kwa hiyo tunarithi wimbo. Kisha tunaupamba, tunaupandisha juu, tunalia kwa furaha, na hatumwulizi aliyelala kitandani. Nyinyi mna kwetu tulikotoka na mna hapa, mna nyimbo za pande mbili. Ulizeni sababu kabla hatujafa.

Kisa nimekitua hapo, matopeni, mahali pake. Kikiwa kitamu, kilalieni. Kikiwa kichungu, msikiteme mlangoni kwangu. Na wewe Mapendo, ulitoka jana na kitambaa mfukoni, nilikuona. Tukipita tena pale mtoni, usilifute.